Tanipu, Njugu na Sukumawiki: Halloween Kabla ya Peremende

Katika kijiji cha Turlough, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, yapo makumbusho ya maisha ya mashambani, na humo kuna uso mmoja wenye sura mbaya kupita kiasi. Macho ni matundu mawili, meno yameachana, ngozi imekunjamana kama ya maiti ya miaka mingi. Anayekutana nao bila maelezo anaweza kudhani ni kifaa cha mganga. Kumbe ni tanipu, ule mzizi mnene wa jamii ya kabichi ambao wakulima wa nchi za baridi huulisha mifugo na kuupikia supu. Mtu wa Fintown, kaunti ya Donegal, aliichimba ndani mwanzoni mwa karne ya 20, akaichonga uso, ikawa taa. Kufikia mwaka 1943 ilikuwa imekauka kiasi cha kukaribia kusambaratika, ndipo ikatengenezwa nakala ya plasta, na nakala hiyo ndiyo inayoonyeshwa leo. Mwalimu wa shule aliyeitoa alieleza kwamba kijijini kwao taa za namna hiyo zilikuwa hazijatengenezwa kwa miaka 30 hivi.

Kazi yangu ni kusoma mapokeo ya wakulima wa Ayalandi na Uskoti: madaftari, barua, kumbukumbu za wazee. Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, ndugu na marafiki wa Afrika Mashariki hunitumia swali lilelile, wengi wao wakiwa wameona picha za vijana waliojipaka damu ya bandia kwenye klabu za Nairobi. Hii Halloween, sherehe ya usiku wa Oktoba 31, ni ya shetani, au ni ya nani? Jibu langu huwavunja moyo wanaotaka kisa cha kutisha. Kwa sehemu kubwa ya historia tunayoweza kuithibitisha, Halloween ilikuwa sherehe ya wakulima waliomaliza kuvuna, na jambo lililowashughulisha zaidi usiku ule lilikuwa nani ataoana na nani.

Tuanze na kalenda. Mwaka wa mfugaji wa Ayalandi na wa nyanda za juu za Uskoti uligawanyika mara mbili. Ilipofika Mei 1 ng'ombe walipandishwa kwenye malisho ya milimani, na vijana, hasa wasichana, wakakaa nao huko wakikamua na kusukasuka maziwa kupata siagi. Ilipofika Novemba 1, siku iitwayo Samhain, mifugo ilikuwa imekwisha kuteremshwa. Mkulima alipima majani makavu aliyonayo ghalani, na ng'ombe ambao asingeweza kuwalisha mpaka baridi iishe walichinjwa au kuuzwa. Kodi ya shamba ililipwa, vibarua wa msimu wakapewa ujira wao. Kwa hiyo kulikuwa na nyama, matufaha na njugu za msituni, vijana wamerudi nyumbani, na giza linaingia mapema. Karamu ya wakati kama huo inajieleza yenyewe bila kumtafuta mungu wa kale. Na kwa kuwa siku yao ilianza jua linapotua, kama wanavyohesabu watu wa pwani yetu, karamu ilifanyika usiku wa kuamkia tarehe moja.

Hapa ndipo makala nyingi za mtandaoni zinapoteleza. Utasoma kwamba Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na sehemu nyingine za Ulaya, walimwabudu "Samhain, bwana wa wafu". Hakuna mungu wa jina hilo. Ni jina la siku. Kosa hilo lilipata nguvu kutoka kwa Charles Vallancey, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyefanya kazi Ayalandi katika karne ya 18, mtu mwenye shauku kubwa ya mambo ya kale na hadhari ndogo, na tangu hapo limenakiliwa kitabu hadi kitabu. Waselti wenyewe hawakutuachia maelezo ya usiku huo. Kuna bamba la shaba nyeusi lililopatikana Coligny, Ufaransa, mwaka 1897, ambalo ni kalenda ya Wagauli, yaani Waselti wa Ufaransa ya kale, na ndani yake mna maneno machache yanayoelekea kutaja usiku tatu za mwezi wenye jina linalokaribiana na Samhain. Hadithi za Ayalandi zinazosimulia wafalme wakikusanyika Tara, kilima cha wafalme wa kale, na milango ya vilima ikifunguka ziliandikwa na watawa Wakristo, karne kadhaa baada ya dini ya kale kuzimika. Ni hadithi tamu, na zinatuonyesha kwamba usiku huo ulihesabiwa kuwa wa hatari: watu wa vilimani, ambao kwa tabia wako karibu zaidi na majini wetu kuliko na vile vijidude vyenye mabawa vya vitabu vya watoto, walikuwa wakitembea. Ibada ya watu wa kale ilikuwaje, hazisemi.

Upande wa Kanisa ushahidi ni mzuri zaidi, ingawa nao hupindwa. Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma kwa Bikira Maria na wafiadini wote mwanzoni mwa karne ya 7, na siku yenyewe ilikuwa Mei 13. Sikukuu ya watakatifu wote ya Novemba 1 tunaikuta Uingereza na katika nchi za Wajerumani karibu na mwaka 800, na mwaka 835 mfalme Louis Mchamungu, kwa kuhimizwa na Papa Gregori IV, akaieneza katika himaya yake. Husemwa kwamba mapapa waliichagua tarehe hiyo ili kuifunika Samhain. Tatizo ni kwamba Waayalandi wenyewe, wakati huo, waliadhimisha watakatifu wote mwezi Aprili. Tarehe ya Novemba inaelekea kutoka upande wa Wajerumani, ambako Samhain haikuwapo. Mwanahistoria Ronald Hutton aliieleza hoja hii katika miaka ya 1990, na mimi bado sijasoma jibu la kuipangua.

Baadaye kidogo, karibu na mwaka 1000, Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote Novemba 2. Wakatoliki wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa: ndiyo siku ya kwenda makaburini, kufyeka majani, kuwasha mishumaa na kusali. Ukiniuliza wafu waliingiaje Halloween, nitakuonyesha mlango wa kanisa kabla sijakuonyesha msitu wa makuhani wa Waselti. Hata jina lenyewe ni ufupisho wa mkesha wa Watakatifu Wote kwa Kiingereza cha zamani.

Desturi ya kubisha hodi milangoni nayo inaanzia kwenye sala hizo. Katika Uingereza ya enzi za kati, maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vikeki vidogo vyenye viungo, na malipo ya keki yalikuwa sala kwa ajili ya marehemu wa nyumba ile, ili wapunguziwe muda toharani, mahali ambapo roho hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Mwishoni mwa karne ya 16 Shakespeare aliweza kumfananisha kijana anayelialia kwa mapenzi na ombaomba wa sikukuu ya Watakatifu Wote, akijua kwamba ukumbi mzima utacheka. Waprotestanti walipoifuta toharani, sala zilikwisha ila keki zikabaki. Katika mikoa kama Cheshire na Shropshire watoto waliendelea kuimba milangoni wakiomba keki na matufaha mpaka karne ya 20. Kwingineko Uingereza mioto na fujo za majira hayo zilihamia Novemba 5, ukumbusho wa njama ya mwaka 1605 ya kulipua bunge kwa baruti. Uskoti na Ayalandi wakaushikilia usiku wao wa Oktoba 31, na huko ndiko tuelekee.

Shahidi wangu mkuu ni Robert Burns, mshairi na mtoto wa mkulima wa Ayrshire. Mwaka 1785 aliandika shairi la beti 28 kuhusu usiku huu, likachapishwa mwaka uliofuata mjini Kilmarnock. Akijua kwamba wasomaji wa mbali hawatazielewa mila za wakulima wa kwao, aliongeza maelezo ya kila mchezo. Washairi kwa kawaida hawatusaidii hivyo. Kwa mtafiti, maelezo yale yana thamani kuliko shairi, ingawa shairi linachekesha zaidi.

Mchezo wa kwanza ulifanyika bustanini gizani. Wavulana na wasichana walitoka wakiwa wameshikana mikono, macho wameyafumba, na kila mmoja akang'oa mche wa mboga ya kwanza aliyoigusa. Mboga yenyewe ni ndugu wa damu wa sukumawiki. Wakarudi mekoni kusoma majibu. Mche mrefu ulionyooka ulimaanisha mume au mke mrefu aliyenyooka. Uliopinda, ndiyo hivyo tena, uvumilie. Udongo mwingi kwenye mizizi ulikuwa mali, yaani mahari, ambayo huko ilitoka upande wa mke. Halafu uliuma kiini cha shina: kikiwa kitamu, mwenzako ana tabia njema, kikiwa kikali, umejionea mapema. Mwisho mashina yalipangwa juu ya mlango kwa zamu, na majina ya watu walioingia nyumbani baada ya hapo yakahesabiwa kufuata mpangilio wa mashina, ili kila mmoja ajue jina la mwenzi wake. Ninavyousoma mpangilio huo, naona watu werevu wa kucheza. Ukijua shina lako ni la tatu, unaweza kabisa kumnong'oneza mtu fulani asubiri nje mpaka wawili watangulie.

Kisha njugu. Ziliwekwa mbili mbili kwenye makaa, moja ikapewa jina la kijana na nyingine la msichana. Zikiungua pamoja kwa utulivu, ndoa itakaa. Moja ikipasuka na kuruka mbali, mapenzi hayo yana mwisho wake. Mbele ya wazazi na majirani, huu ulikuwa uchumba wa hadharani usioaibisha mtu, kwa sababu anayesema ni njugu. Kijana aliyeshindwa kutamka jina la msichana mwaka mzima alilitamka mbele ya moto.

Mchezo wa tatu ulitumia bakuli tatu za mbao: moja ina maji safi, moja maji machafu, moja tupu. Mtu alifungwa macho akachovya mkono wa kushoto, mara tatu, na kila mara bakuli zilibadilishwa nafasi. Maji safi yalimaanisha kuoa mwanamwali, machafu mjane, na bakuli tupu hakuna ndoa. Katika shairi kuna mzee mmoja, mjomba John, ambaye amekuwa akitamani kuoa tangu uasi wa mwaka 1715. Anapata bakuli tupu mara tatu mfululizo, anazinyanyua zote na kuzitupa motoni. Kila nikifika hapo nacheka, halafu namwonea huruma.

Ayalandi ubashiri uliingia kwenye mkate. Mkate wa sikukuu hiyo una zabibu kavu na huitwa barmbrack, na ndani ya kinyunga mama mwenye nyumba alificha vitu. Aliyekatiwa kipande chenye pete angefunga ndoa kabla mwaka haujaisha, mwenye sarafu angetajirika, na kitambaa chakavu kilikuwa umaskini. Punje ya njegere ilimaanisha subiri kwanza, na kijiti kilitabiri ndoa ya kipigo, utani ambao leo hauchekeshi. Palikuwa pia na viazi vilivyopondwa na kabichi na siagi nyingi, navyo aghalabu vilifichwa pete. Nyama haikuhitajika, Wakatoliki wengi walikuwa wakiuadhimisha mkesha huo kwa kujinyima nyama, ndiyo maana vyakula vyake maarufu ni viazi, kabichi, mkate na matunda.

Mwaka 1833 mchoraji Daniel Maclise alionyesha picha kubwa ya karamu ya namna hii, baada ya kualikwa kwenye karamu ya Halloween kijijini Blarney, kaunti ya Cork, mwaka uliotangulia. Wazee wamekaa, muziki unapigwa, wengine wako kwenye njugu zao. Watoto wanachovya vichwa majini kudaka matufaha kwa meno, na wengine wanarukia tufaha linaloning'inia kwenye kijiti kilichobeba pia mshumaa unaowaka. Ukidaka upande usio wenyewe unaungua mdomo. Hakuna mzuka hata mmoja pale. Kuna kelele, jasho na vijana wanaotazamana.

Sitaki kusafisha mno. Kaskazini mwa Wales kila mtu wa nyumbani alitupa jiwe jeupe lenye alama yake kwenye moto mkubwa wa usiku huo, na asubuhi walirudi kuyatafuta majivuni. Ambaye jiwe lake halikuonekana aliaminiwa kuwa atakufa kabla ya Halloween nyingine. Thomas Pennant, msafiri na mwandishi wa Wales, aliandika habari hizi katika karne ya 18, nami nimewahi kujiuliza mtu wa namna hiyo alikulaje kifungua kinywa chake. Kwenye madaftari ya watoto wa shule wa Ayalandi, yale ya mradi wa 1937 hadi 1939 ambao zaidi ya watoto 50,000 walitumwa kuwahoji wazee wao, unakuta pia onyo la kutokula matunda meusi ya miibani (blackberry) baada ya Halloween, kwa kuwa kiumbe aitwaye púca ameyatemea mate. Mwandiko ni wa mtoto, sauti ni ya bibi. Pembeni ya uchawi huo kuna akili ya kawaida: kufikia Novemba matunda hayo huwa yameanza kuoza.

Taa za tanipu na nyuso zilizopakwa masizi zilikuwa kazi ya vijana. Walivaa nguo kuukuu, wanaume wakavaa za wanawake, wengine wakajifunga nyasi kavu mwili mzima, wakapita majumbani wakiimba au kusema mashairi. Uskoti mpaka leo bado wapo watoto wanaojua kwamba hupewi kitu bure. Unaimba, unasema shairi au utani, ndipo unapewa njugu na matunda. Kisiwa cha Man wana usiku wao uitwao Hop-tu-Naa, wenye wimbo wake, na tanipu bado huchongwa huko. Atakayejaribu atajua kwa nini wengi waliacha: tanipu ni ngumu, utaikwangua kwa kijiko mpaka kiganja kiote malengelenge, na mshumaa ukiwashwa ndani inanuka kabichi iliyoungua.

Boga ndilo lililoondoa adha hiyo. Ni zao la Amerika, lina nafasi ya wazi katikati, na kisu kinalipita kwa urahisi. Watoto wa Marekani walikuwa wakichonga maboga kuwa taa wakati wa mavuno kabla Halloween haijawa na nguvu kwao. Njaa kuu ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja Ayalandi na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo, na Waskoti nao walikuwa wakihama. Wakaufikisha usiku wao mahali ambapo taa bora kuliko tanipu ilikuwa tayari ikiota shambani.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani wa tabaka la kati waliigeuza kuwa karamu ya sebuleni. Watu wanaoipenda Halloween ya kizamani mara nyingi wanakipenda kipindi hiki, nami siwalaumu. Kati ya 1905 na 1915 hivi postikadi zilipendwa mno, nyingi zikichapwa Ujerumani: wasichana mbele ya vioo usiku wa manane wakisubiri uso wa mchumba utokee, paka weusi, maboga yenye miguu. Mchoraji Ellen Clapsaddle alichora watoto wa mashavu mekundu ambao hawamtishi hata kuku. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts iliuza karatasi laini za rangi ya chungwa na nyeusi, na kuanzia 1909 ikatoa vijitabu vya kufundisha namna ya kupamba meza na kushona mavazi ya karatasi. Mavazi ya karatasi, kando ya mishumaa! Sijui nani aliona hilo ni wazo zuri.

Nje ya sebule mambo yalikuwa mengine. Wavulana waling'oa mageti na kuyapandisha mitini, wakapaka madirisha sabuni, na miaka ya unyonge wa uchumi ilipofika utani ukawa uharibifu wa kweli. Miji ikatafuta namna ya kuwashughulisha. Mji wa Anoka, Minnesota, ulikuwa umetangulia kuanza gwaride lake mwaka 1920. Desturi ya watoto kudai kitu kwa kutishia kufanya vituko inaonekana kwenye magazeti ya magharibi mwa Kanada na Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Vita vikaleta mgao wa sukari, na mgao huo ulipoondolewa mwaka 1947 peremende zikamwagika. Kufikia miaka ya 1950 njugu, matufaha na keki za nyumbani zilikuwa zikiondoka kikapuni.

Hapo ndipo ubashiri ulipokufa, na mimi naona sababu ni nyepesi kuliko zote zinazotajwa. Sherehe ilihama kutoka kwa vijana wa miaka 18 na 20 kwenda kwa watoto wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kujua mume wake atakuwa mrefu au mfupi. Vioo, mashina na bakuli vikakosa wateja, na vitisho vilivyokuwa kitoweo tu vikawa mlo mzima.

Ayalandi mkate umeponea. Ikifika Oktoba utaukuta madukani, umefungwa tayari, na mara nyingi kati ya vile vitu vyote vya zamani kilichobaki ndani ni pete peke yake, ya bati, imeviringishwa kwenye kikaratasi ili mtu asivunjike jino.